Jibu kwa mnaosema nimekuwa bosi Marekani

Kamwene ndugu zangu wa Kihesa, Ilula na Mafinga. Tangu mama atangaze kanisani kwamba nimepandishwa cheo huku Minnesota, simu yangu haipoi. Mmoja kauliza kama sasa nina ofisi na dereva. Mwingine, ambaye namheshimu na simtaji, kasema nimesoma miaka yote ile ili nikawabadilishe pampasi watu wazima. Na wewe mwanangu wa Mafinga unataka nikuajiri. Nawajibu wote kwa pamoja.

Ofisi sina. Nasimamia timu inayohudumia watu wanne wenye ulemavu, wanaoishi katika nyumba ya kawaida kwenye mtaa wa kawaida. Kuna mwenye mtindio wa ubongo, mwenye usonji, mwenye kifafa. Kazi ni usiku na mchana, Krismasi imo. Napanga zamu, nafundisha wapya, nakagua karatasi za dawa, kisha navaa glovu na kufanya kazi ileile wanayofanya wenzangu. Pampasi nabadilisha, ndiyo. Nyongeza ya cheo ni dola moja na nusu kwa saa.

Pampasi hazinichoshi. Kinachonichosha ni simu ya alfajiri: "Leo siji." Theluji imeziba njia, au mtoto anaumwa, au mtu kapata kazi ya kubeba maboksi ghalani inayolipa zaidi. Na huwezi kufunga mlango ukaenda zako, kwa sababu kumwacha mkazi peke yake ni kumtelekeza, na hilo linaripotiwa na kuchunguzwa. Asipopatikana wa kukupokea, mwenye cheo ndiye anayebaki. Watu wanaacha kazi hii kila kukicha na sababu inajulikana. Fedha zake nyingi zinatoka Medicaid, mpango wa serikali kuu na majimbo wa kulipia huduma za afya za watu wa kipato cha chini na wenye ulemavu, na viwango vya malipo vinapangwa huko juu. Mwajiri hawezi kupandisha bei kama muuza nyanya wa Ipogolo anavyopandisha mvua ikikata barabara. Saa zikizidi 40 kwa wiki, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, na hapo ndipo zinapotoka hela za ada na mabati mnazozipokea. Mkiona muamala umeingia, jueni sikulala.

Sasa niliseme hilo la kuosha watu, maana ndilo lililoniuma. Yupo mzee mmoja anayekula haraka haraka, mkono wa kushoto ameuzungusha kwenye sahani kama ukuta. Alikulia katika zile taasisi kubwa za zamani, walikorundikwa mamia, na ukichelewa mwenzako anakula chako. Iliyovuma kwa ubaya ni Willowbrook ya New York. Mwaka 1972 runinga iliwaonyesha Wamarekani watoto waliomo ndani yake, wengine uchi na wachafu, nchi ikashtuka, lakini haikufungwa mpaka 1987. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ikapitishwa 1990, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ikasema kumweka mtu kwenye taasisi bila sababu, wakati anaweza kuishi kwenye nyumba kati ya watu wengine na akapewa msaada, ni ubaguzi. Nyumba yetu ya watu wanne ni tunda la mapambano hayo.

Kwa hiyo mfanyakazi mpya nikimfundisha, namwambia akae kando ya mzee, asisimame nyuma yake, na sahani asiiguse. Kazi yake ni kumkumbusha atafune, anywe maji kidogo kati ya tonge na tonge, kwa sababu hupaliwa. Kifungua kinywa kinaweza kuchukua karibu saa nzima. Mwenye haraka anaona bora ashike kijiko amlishe, wamalize. Nimeshamwondoa kwenye zamu mtu mwenye nguvu na bidii kwa hilo tu, maana alikuwa anamnyang'anya mzee kitu pekee anachojifanyia mwenyewe asubuhi.

Picha za kazini msiniombe tena. Kuna sheria ya 1996 ya kulinda siri za afya, lakini hata isingekuwepo, pale ni nyumbani kwa watu.

Shangazi, umeomba nimlete mtoto wa Ilula atibiwe huku. Shikamoo, na nisamehe kwa jibu hili. Mtindio wa ubongo hauna dawa ya kuuponya, huku wala huko. Wakazi wetu hawajapona. Wana kiti kinachowatosha, wana mtu wa kuwageuza usiku, na wanalishwa wakiwa wamekaa wima. Hilo la mwisho anza nalo leo: kumlisha mtoto akiwa chali ndiko kunakopeleka uji kwenye mapafu. Kiti nitachangia mimi, mafundi wapo. Halafu umtoe kile chumba cha nyuma. Hapo Iringa mjini kuna Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono, ilianza 2003, mafundi wake ni watu wenye ulemavu, na kwenye mgahawa wake wahudumu ni viziwi, unaandika unachotaka wanakuletea. Wageni wanatoka Ulaya kuja kupaona. Sisi tunapita nje kila Jumamosi tukienda sokoni, tukirudi nyumbani tunafungia wetu ndani. Najua nitanuniwa.

Mwanangu wa Mafinga, mimi siajiri. Kampuni za kazi hii kwa kawaida haziagizi mtu kutoka nje. Zinamchukua aliye huku tayari na kibali mkononi. Akikufuata mtu na kusema ana nafasi, toa milioni tatu, huyo ni tapeli hata kama anasali kwenu. Ukipata njia yako halali, ukaja, nitakufundisha mwenyewe. Ila uje unajua kuendesha gari. Wakazi tunawapeleka wenyewe hospitali, madukani na kanisani, na leseni yako ya bajaji haitakusaidia.