Skafu ya Mama Mkwe Wako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na sindano mkononi, kwa hiyo nimefuma mstari mzima vibaya na imenibidi niufumue. Unaniuliza kama skafu unayotaka kumfumia mama mkwe wako uifume kwa uzi wa sufu au wa akriliki, ule wa plastiki, na kama miezi miwili itatosha kuimaliza. Nitakujibu, lakini kwanza nina swali ambalo nashangaa hukujiuliza: wewe mwenyewe umewahi kuvaa kitu ulichokifuma?

Kwa ninavyokufahamu, hujavaa. Kofia ya kwanza ulimpa kaka yako, glavu zile zisizo na vidole ukampa mwenzako wa kazini, na sasa, kabla hata hujajifunika masikio yako, umeshafika kwenye shingo ya mkweo. Msemo wangu mnaujua nyote, na baba yako huumalizia kabla sijafika katikati: kila uzi mpya avishwe kwanza aliyeufuma. Uzi ukiushika dukani kwa ncha za vidole haukuambii mengi, kwa sababu vidole vimezoea kazi na havilalamiki. Uzungushe shingoni kutwa nzima ndipo utakapojua kama unawasha, kama unatoa vinundu vya manyoya mahali unaposuguana na koti, na kama unarefuka kwa uzito wake wenyewe, jinsi pamba inavyofanya kwa kuwa haina mnyumbuko wa sufu. Mambo hayo hayaandikwi kwenye lebo.

Unadhani nimeanza tena ukaidi wangu. Basi nikukumbushe ile shali ya kijivu ya mama yako mkubwa, ambayo ninyi watoto mliiona mwisho wake tu na mkacheka.

Niliifuma kwa majuma 11. Ulikuwa uzi wa sufu tupu, mwembamba kuliko wote niliowahi kuushika, na nilikuwa sijawahi kufuma chochote changu kwa uzi wa namna ile. Nilimaliza, nikailoweka katika maji vuguvugu, nikaikamua kwa kuibana ndani ya taulo bila kuisokota, nikaitandaza na kuibana kwa pini pembeni hadi ikakauka ikiwa imenyooka, na mchoro wa matundu ukajitokeza kama majani. Dada yangu aliipokea kwa mikono miwili. Alisema ni nzuri. Mwaka uliofuata tulipokwenda kwake, aliipua sufuria jikoni na kuiweka mezani juu ya kitambaa kizito cha kijivu, kidogo kama mto wa kiti, na mimi nikakitazama kitambaa kile kwa muda mrefu kabla sijaona, kwenye pembe moja, majani yangu yaliyogandana.

Alikuwa ameitia katika mashine ya kufulia pamoja na mataulo, kwa maji ya moto. Uzi wa sufu, mwanangu, si laini kama unavyoonekana. Kila unywele wake umefunikwa na magamba madogo sana, na ukikutana na maji ya moto, sabuni na msukosuko, magamba hayo hushikana na kuvutana, unywele na unywele, hadi kitambaa kinanywea na kuwa kinene, na hakuna dawa ya kukirudisha. Dada yangu aliniona nikitazama. Akasema kwa furaha kabisa, "Mdogo wangu, hicho kinahimili moto kuliko vyote nilivyonavyo." Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo linaloniuma: sufu haiyeyuki, wakati akriliki ingeyeyuka chini ya sufuria ile mbele ya wageni.

Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau kwamba ile ilikuwa shali, au alikuwa anaficha aibu kwa kuifanya iwe na kazi. Zipo siku ninamhukumu. Najiambia kwamba mtu aliyepewa majuma 11 ya macho ya mwenzake alipaswa angalau kuuliza jinsi ya kuyafua. Kisha najigeuzia kibao: nani alimwambia? Sikuweka karatasi yoyote ndani ya mfuko, wala sikusema neno, kwa sababu nilitaka asifie mchoro na si nianze kumfundisha kufua. Isitoshe, hakuniomba shali. Kama ningejifumia japo kitambaa cha kichwa kwa uzi ule, ningekifua mwenyewe, ningekiharibu mwenyewe, na ningelia peke yangu kwa hasara ndogo. Kwa hiyo narudi palepale: avishwe kwanza aliyeufuma.

Najua utakachonijibu, maana nimejijibu hivyohivyo mara nyingi. Mtu akifuata sheria hii bila kulegeza, atajaza sanduku lake na hatampa mtu kitu. Na utanikumbusha skafu ya baba yako. Ile niliifuma kwa ajili yangu, ni kweli, na ilikuwa kituko: niliifuma yote kwa vitanzi vya mbele upande mmoja na vya nyuma upande wa pili, bila kujua kwamba ufumaji huo hujikunja kingo kila unapoachiwa, na nilianza na vitanzi 30 nikamaliza na 41 kwa sababu kila nilipochoka nilipitisha uzi juu ya sindano bila kukusudia. Baba yako aliikuta kwenye kiti, akaivaa, akatoka. Ameivaa miaka mingi, na hajawahi kuniuliza kwa nini upande mmoja ni mpana kama mkia wa samaki. Zawadi iliyopendwa kuliko zote nilizowahi kutoa sikuitoa, nilinyang'anywa. Sijui niiweke upande gani wa hoja yangu, hivyo naiacha hapo.

Sasa swali lako. Kwa mtu ambaye hujui anafuaje, usimpe sufu tupu isiyotayarishwa. Ipo sufu iliyoshughulikiwa kiwandani ili magamba yake yasishikane, na lebo yake huonyesha kwamba inaweza kufuliwa kwa mashine. Inatoa joto la sufu na inasamehe makosa, ingawa hulegea ikilowa, basi ikaushwe ikiwa imelazwa na si kutundikwa. Akriliki nayo si aibu kama wanavyodai wenye majivuno, kwani ni nyepesi, inafulika, na kuna watu ambao sufu huwatia wekundu shingoni. Muulize mume wako, kabla hujanunua, kama mama yake huvaa sufu. Na ununue uzi wote kwa mara moja, kiasi cha gramu 200 za uzi wa unene wa kati, uhakikishe nambari ya mkupuo wa kutia rangi kwenye kila donge ni ileile, kwa maana madonge yaliyotiwa rangi kwa nyakati mbalimbali hufanana dukani na kutofautiana mwangani.

Kuhusu muda, tufanye hesabu. Skafu ya vitanzi 40, kwa sindano za milimita 5, itakuwa na upana wa sentimita 22 hivi. Ukiifuma kwa vitanzi vya mbele tu kila mstari, ili kingo zisijikunje kama zangu, urefu wa sentimita 180 utahitaji mistari 650 au karibu na hapo, yaani vitanzi 26,000. Ukifuma vitanzi 15 kwa dakika, hizo ni saa 29. Nusu saa kila siku kwa miezi miwili inakupa saa 30, kwa hiyo inatosha, ikiwa hutafumua hata mara moja. Utafumua.

Kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, cha kuhesabia vitanzi vyako, usikiruke, ingawa kwa skafu hakikuokoi sana, maana hakuna shingo inayokataa skafu kwa sentimita mbili. Kwenye kofia ndipo kinapolipa. Vitanzi 100 vikiwa 20 kwa kila sentimita 10 vinakupa kofia ya sentimita 50, ambayo huvutika vizuri juu ya kichwa cha sentimita 56. Mkono wako ukikaza hadi vikawa 22, kofia ni ya sentimita 45, na kaka yako anakumbuka alama iliyobaki kwenye paji lake.

Kama inafaa umfumie mkweo au usimfumie, hilo hukuniuliza, nami nimejizuia tangu mwanzo wa barua kulisema. Mwaka 1589 William Lee wa Uingereza alibuni mashine ya kufuma soksi, na siku hizi mashine zinafuma kila kitu na hatulazimiki kufumiwa kwa mkono ili tupate joto, kwa hiyo unachompa ni zile saa 30, na ni wewe unayejua kama ataziona. Mimi nilidhani dada yangu ataziona. Labda aliziona kwa namna yake. Kitambaa kile bado kipo, na hajawahi kukitupa, na mara ya mwisho nilipokwenda hakuweka sufuria juu yake bali chombo cha maua. Nilikuwa nataka kumuuliza. Sikumuuliza.

Nimekufungia sindano zangu za milimita 5, zile za mianzi ambazo hazitelezi, pamoja na madonge mawili ya uzi wa kijani ninaojua hauwashi kwa kuwa nimeuvaa. Yanatosha kofia moja ya kichwa chako na kidogo kinabaki. Uzi wa mkweo ununue mwenyewe.

Mama yako.