Andikeni saa, si magodoro tu

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya maafa ya mtaa wetu hapa Tanga kwa miaka kadhaa, na naweza kusema kwamba upungufu wetu mkubwa haukuwa vifaa. Baada ya mafuriko ya masika moja, taarifa yetu ilitaja magodoro, unga na maharage yaliyogawiwa, ikasifiwa, ikafungiwa kabatini. Hakuna mahali iliposema kwamba tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitufikia saa 11 jioni, ilhali kaya ya kwanza iliondoka bondeni saa 7 usiku, maji yakiwa magotini.

Saa hizo nane tulizijua kwa bahati, kwa sababu binti aliyekuwa akiandika majina alizoea kuweka saa pembeni ya kila jina. Tulipokaa siku ya nne na kuzifuata moja baada ya nyingine, tuligundua kwamba karibu tatu zilipotea tukitafuta ufunguo wa shule iliyopangwa kuwa kimbilio, kwani mlinzi alikuwa amekwenda mazikoni Muheza nao mfukoni.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati hadi ngazi ya mtaa, lakini daftari la matukio na saa zake, wajumbe wenzangu wa kamati, hamtaandikiwa na sheria. Mteueni mtu mmoja asiyebeba mzigo wala kuvuta kamba, aandike jambo lililotokea, saa, aliyehusika na kilichokwamisha, tena kwa penseli, maana wino ukilowa huyeyuka. Kikao cha tathmini kisipite wiki moja, kabla kila mtu hajajitungia hadithi yake, na mwenyekiti atangaze mapema kwamba hatafutwi mchawi. Mlinzi akihisi analaumiwa, safari nyingine atasema ufunguo ulikuwepo. Waalikeni na waliohamishwa. Kina mama ndio waliotueleza kwamba tangazo la spika ya msikiti lilimezwa na kishindo cha mvua juu ya mabati, jambo ambalo sisi wa kamati, tuliokuwa tumesimama chini ya spika yenyewe, tusingelijua kamwe.

Katika zoezi tulilofanya kabla ya masika iliyofuata, ufunguo ulipatikana kwa dakika 6. Kilichotuchelewesha safari hiyo ni bibi mmoja aliyekataa kuondoka bila mbuzi wake, na mbuzi hao wamo daftarini, pembeni yao jina la mjumbe aliyepewa kazi ya kuwatafutia zizi.