Fundi Anajibu: Phaeton ya bei ya kutupa, ninunue au niiache?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nasoma safu hii kila toleo ila sijawahi kuandika, leo nimekwama. Nimepata Volkswagen Phaeton ya mwaka 2005, injini ya V8 (silinda nane) ya petroli lita 4.2, ngozi ndani haijachanika, mbao za dashibodi zinang'aa. Muuzaji anataka fedha ambayo hainunui hata gari dogo jipya. Limekaa kwake zaidi ya nusu mwaka. Nikimuuliza mbona halitoki, anasema tu watu hawalijui. Mke wangu ananikumbusha kwamba rahisi ghali. Rafiki zangu wanasema nitanunua Passat iliyonenepa, yaani sedani ya kawaida ya Volkswagen iliyokuzwa tu. Gari hili lina siri gani? Na siku nikichoka nalo, nitapata wa kumuuzia?
Mnunuzi Mwenye Mashaka

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mkeo ana haki ya kuuliza. Rafiki zako wananiumiza kidogo, kwa sababu hilo ni mojawapo ya magari yaliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa kuliko yote niliyowahi kufungua boneti yake, na limedharauliwa kwa ajili ya nembo iliyo puani.

Phaeton, sedani kubwa ya kifahari ya Volkswagen, haikudoda kwa ubovu. Ilikuwa ndoto ya Ferdinand Piëch, aliyekuwa mkuu wa Volkswagen, na iliingia sokoni mwaka 2002. Sharti lake mojawapo kwa wahandisi linasimuliwa mpaka leo: gari liweze kwenda kilomita 300 kwa saa kutwa nzima, nje kukiwa na nyuzi 50 za joto, na ndani abiria wabaki kwenye nyuzi 22. Magari yaliyouzwa yalifungiwa kasi kwenye kilomita 250, lakini bodi, breki na mfumo wa kupoza vilibuniwa kwa kuelekea lengo hilo. Muundo wake wa chini ndio huohuo uliokuja kubeba Bentley Continental GT. Walilijengea kiwanda cha kuta za vioo katikati ya mji wa Dresden, Ujerumani, sakafu yake ya mbao, na vipuri vikafikishwa pale kwa tramu maalumu ya mizigo iliyopita kwenye reli za abiria. Ukikaa ndani, matundu ya hewa yamefichwa nyuma ya ubao. Ukihitaji upepo, ubao unajifungua wenyewe. Hakuna aliyelazimishwa kufanya hivyo. Walifanya kwa sababu walijali.

Mpango ulikuwa magari 20,000 kwa mwaka. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2016, yalikuwa yametoka kama 84,000 tu, wakati kwa hesabu ya mpango yangekaribia 280,000. Marekani, ambako V8 kama hiyo yako ilianzia zaidi ya dola 60,000, waliiondoa baada ya matoleo ya mwaka 2006. Wachambuzi wa Bernstein Research walikadiria kwamba Volkswagen ilipoteza zaidi ya yuro 28,000 kwa kila Phaeton. Yaani hata mtu wa kwanza kuinunua alipewa gari lililogharimu kuliko alicholipa.

Watu husema kosa ni nembo: nani atoe fedha ya Mercedes S-Class kwa gari linaloegeshwa pembeni ya Polo kwenye duka moja? Ni kweli, ila si kweli yote. Touareg, gari la juu aina ya SUV, ilitoka mwaka uleule, kampuni ileile, baadhi ya injini zilezile kubwa, bei nayo si ya kitoto, na ikauzika vizuri sana. Nadhani tofauti ni hii: kwenye sedani za wakubwa foleni ilishapangwa zamani, kila mtu anajua nani yuko mbele ya nani, na anayenunua hununua pia nafasi yake kwenye foleni. Toyota walilielewa hilo mapema, ndiyo maana mwaka 1989 walikuja na jina jipya kabisa, Lexus. Hyundai nao mwaka 2015 wakaitenga Genesis ikawa jina la peke yake. Phaeton ilitoka na nembo ya Golf, tena na sura ya upole. Mtu aliyetaka kutambulika barabarani hakutambulika.

Kwako wewe huo ni unafuu, maana dharau ya watu ndiyo iliyoshusha bei, si chuma. Lakini nisikilize hapa kwa makini. Bei ya gari imeshuka, bei ya spea haikushuka nalo. Springi ya hewa ya Phaeton, mfuko wa hewa unaobeba gari badala ya springi ya chuma, haijui kwamba umelipata gari kwa bei ya kutupa. Inauzwa kama spea ya gari la wakubwa, na fundi anayeijua atakutoza kama fundi wa gari la wakubwa. Kwa hiyo usiulize kama unaweza kulinunua. Chukua bei ya muuzaji, weka pembeni fedha nyingine inayokaribia nusu yake au zaidi kwa mwaka wa kwanza pekee, na kama ukifanya hivyo nyumba inayumba, liache. Nasema hivi kwa kukupenda.

Kama nyumba haiyumbi, nenda ukalione asubuhi, na muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Mimi gari la springi za hewa silikagui likiwa limeshawashwa. Simama mbali, litazame limekaaje. Kona moja ikiwa imelala, pale hewa inavuja, na kompresa, pampu ya hewa ya springi hizo, imekuwa ikifanya kazi ya ziada kujaza kinachotoka. Mara nyingi nayo iko njiani kufa. Kisha vua kiatu, kanyaga zulia la mbele pande zote mbili, bonyeza kwa nguvu. Chini ya kioo cha mbele kuna mifereji ya kutoa maji ya mvua. Ikiziba kwa majani, maji huingia ndani na kutulia chini ya zulia, karibu na waya na kompyuta ndogondogo za gari. Zulia bichi kwangu ni sababu ya kurudi nyumbani. Gari lililokaa miezi sita bila kutembea, hasa nje, ndilo la kuogopewa kwa hili.

Kwenye buti kuna betri mbili, moja ya kuwashia na nyingine ya kuhudumia vifaa. Mojawapo ikichoka, dashibodi inaweza kuwaka taa za kila aina na mtu akadhani gari zima limeharibika. Nimeona watu wakibadilisha vifaa vya bei kubwa kumbe shida ni betri. Mwombe muuzaji afunge betri nzima, ndipo msome makosa kwa mashine.

Kwa V8 hiyo, uliza mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu na pistoni kwa mwendo mmoja, ulibadilishwa lini, na utake risiti, si maneno. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Kuubadilisha kunataka pua ya gari ifunguliwe, kwa hiyo pampu ya maji ibadilishwe siku hiyohiyo. Umechagua injini ya busara, kwa kweli. Ingekuwa W12 ya lita 6.0 au V10 ya dizeli ningekuandikia barua nyingine: humo chini ya boneti mkono haupiti, na kazi nyingi zinadai injini iteremshwe.

Kuuza baadaye? Ichukulie fedha hiyo kuwa imeshatumika. Lilisubiri mnunuzi nusu mwaka, nawe utasubiri nusu mwaka. Bima nayo uiangalie: kwa kawaida watakulipa thamani ya soko, basi gharama ya taa mbili na bampa tu inaweza kuzidi thamani hiyo na gari zima likahesabiwa kuwa limekufa. Uliza kama wanakubali thamani ya kukubaliana kabla hujasaini. Linunue kama unataka kukaa nalo miaka na kulipenda. Kama unataka kulipitia tu, tafuta Lexus LS, sedani kubwa ya Lexus.

SWALI: Fundi, mimi niko upande wa pili. Nina Phaeton V6 ya dizeli, nimelitangaza, wanaopiga simu wanataja bei ya kunidhalilisha. Nishushe?
Muuzaji Aliyechoka

JIBU: Usishushe bado. Anayetaja bei ya matusi hajui gari lako, na ukilishusha bei atakuja mwingine na bei ya chini zaidi, kwa kuwa bei ndogo kwenye gari la namna hii huwatia watu hofu. Mnunuzi wako ni mmoja, anaijua Phaeton, na anachoogopa ni yale niliyomwandikia mwenzako hapo juu. Basi mtoe hofu. Piga picha za risiti zote, zulia likiwa limeinuliwa na pakavu, na gari likiwa limesimama sawa baada ya kulala usiku mzima. Andika na ubovu uliopo, hata ule wa kitasa. Kama kona moja inalala, itengeneze kwanza, usimpunguzie mtu bei kwa ajili yake. Yeye atakata mara mbili ya gharama ya kazi yenyewe. Na mtu akija, mpe ufunguo aliwashe yeye.