Salamu hazina shida, shida ni maongezi yanayofuata

Watu wakisikia mtu ana usonji (autism, yaani ubongo unaofanya kazi tofauti kwenye mawasiliano na kelele) wanadhani salamu ndo zinamshinda, kumbe kwangu mimi niliye nao salamu zetu ni msaada mkubwa. Shikamoo jibu lake marahaba, mambo jibu lake poa, habari za nyumbani nzuri, za kazi nzuri, hata kama kichwa kinauma unajibu nzuri kwanza halafu ndo unasema kinauma. Kwa hiyo mwenzangu usizikimbie, zinakupa muda wa kuzoea sauti ya mtu na kelele za pale mlipo kabla maongezi yenyewe hayajaanza.

Kazi iko baada ya hapo. Shangazi akikwambia "umetutupa siku hizi" hadai maelezo ya ulikuwa wapi, anasema amekumiss, mjibu "nipo shangazi, nami nimewamiss" inatosha kabisa. Ukikuta watu wanakula wakasema karibu, siyo lazima ukae, sema "asanteni, starehe". Na mtu akisema "basi kesho tuonane" ukashindwa kujua ni ahadi au anaaga tu, muulize saa ngapi na wapi, akiwa hana jibu ujue alikuwa anaaga. Kuuliza siyo ujinga jamani, ulizeni!

Halafu kuna macho. Utotoni kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu kwa hiyo hakuna aliyenisema, ila ukifika kwenye intavyu ukiangalia chini wanaona unaficha kitu. Mi nikimwangalia mtu machoni maneno yake hayaingii, yaani nachagua kimoja, kumwangalia au kumsikia. Siku hizi nasema mapema tu "nakusikia vizuri zaidi nikiangalia pembeni", na hapo hulazimiki kutaja usonji kama hujisikii.

Hapa ndugu na marafiki nao wasome. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba huku kutoelewana kuna pande mbili, sisi hatuwasomi nyie vizuri na nyie hamtusomi sisi. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh wakachapisha utafiti ambapo stori ilipitishwa mtu kwa mtu, kundi la wenye usonji watupu liliifikisha vizuri sawasawa na kundi la wasio nao, ila walipochanganywa ndo ikapotea zaidi njiani. Niliposoma hivyo nililia kwa kweli, maana miaka yote nimeambiwa nijirekebishe mimi peke yangu. Kwa hiyo na nyie mnaoishi na sisi fanyeni sehemu yenu, ongeeni wazi, msitupigie mafumbo halafu mkanuna.

Kazini omba maagizo kwa meseji, mwambie bosi "naomba uniandikie nisisahau kitu", sijaona bosi anayekataa hilo. Kwenye daladala yenye mziki usijilazimishe stori, sema "tukishuka tutaongea". Na kwenye harusi mi nafika mapema kabla spika hazijafunguliwa, nawasalimia wazee mmoja mmoja, nachukua kiti karibu na mlango, na ndugu zangu nimeshawaambia nikitoka nje kupumzika wasinifuate kuniuliza nani kaniudhi, hakuna aliyeniudhi, nikiwa sawa narudi mwenyewe.