Mungu Unayemwomba Ana Sura Gani?

Katika mfano wa Yesu ulio Mathayo 25, bwana mmoja anasafiri na kuwaachia watumwa wake watatu fedha zake, yaani talanta. Yule mtumwa wa tatu hakuiba talanta ya bwana wake wala hakuila. Aliichimbia chini, na sababu anaitaja mwenyewe: "Bwana, nalitambua ya kuwa wewe u mtu mgumu, wavuna usipopanda, wakusanya usipotawanya; basi nikaogopa." Talanta moja ilikuwa mali nyingi, karibu ujira wa kibarua wa miaka 20. Wenzake wawili walikuwa na bwana huyohuyo, wakafanya biashara kwa uhuru. Yeye aliona bwana katili, na maisha yake yote yakafuata alichokiona.

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda wa kutosha kusikia watu wengi wakiomba katika jumuiya, na nimeshawishika kwamba kila mmoja wetu ana picha ya Mungu iliyoingia moyoni kabla ya mafundisho ya kipaimara. Yangu iliingia nyumbani. Baba alikuwa mtu mwadilifu, alitulisha na kutusomesha, lakini tulikuwa tukisikia anakohoa getini tunazima redio na kila mtoto anatafuta kazi ya kushika. Nilipofundishwa kusema "Baba yetu uliye mbinguni", nilisikia kikohozi kile. Nilikua nikiomba haraka haraka, kwa maneno yaliyopangwa, kama mtu anayetoa taarifa ili aruhusiwe kuondoka.

Ukitaka kuijua picha yako, usijiulize unaamini nini, maana utajibu ulivyokariri. Jiangalie siku uliyotenda dhambi. Je, unakwenda kwa Mungu siku hiyohiyo, au unasubiri zipite siku kadhaa za kuishi vizuri ndipo upige magoti? Jiangalie mtoto anapougua usiku: wazo la kwanza ni kwamba Mungu yupo nawe, au kwamba anakulipa kwa jambo fulani?

Jirani yangu mmoja alifiwa na mtoto mchanga. Msibani, mtu mmoja tena mwombaji alimuuliza, "Umechunguza ulipokosea?" Tangu hapo alikuwa akija ibadani, anakaa benchi la mwisho, na Meza ya Bwana inapoandaliwa anatoka. Nilimtembelea nikamkuta anachambua mchele. Tukachambua pamoja, muda mrefu bila neno. Kisha akasema, bila kuinua macho kwenye ungo, "Dada, nikiingia mle ndani naona kama ananikodolea macho." Sikumhubiria. Nilimwomba tusome Yohana 11 pamoja, habari ya kifo cha Lazaro, rafiki wa Yesu, na tulipofika mstari wa 35, "Yesu akalia machozi," akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Alilia wakati alijua atamfufua?" Ndiyo, alijua. Ilichukua miezi mingi, lakini alirudi mezani, na mimi naamini safari ya kurudi ilianzia kwenye swali lile.

Hili si jambo la walei peke yao. Martin Luther, aliyekuja kuanzisha matengenezo ya Kanisa, aliingia utawani huko Erfurt, Ujerumani, mwaka 1505, akafunga, akakesha, akaungama kwa masaa mengi, na bado hakupata amani. Mwaka 1545, akiwa mzee, aliandika wazi kwamba wakati ule alimchukia Mungu mwenye haki anayewaadhibu wenye dhambi. Kilichomfungua ni Warumi 1:17, alipoona kwamba haki inayosemwa pale Mungu humpa mtu bure kwa imani. Bidii alikuwa nayo tangu mwanzo. Alichokosa ni kumjua yule anayemtumikia.

Iko picha nyingine, na siku hizi inatangazwa kwa vipaza sauti: Mungu wa kupandiwa mbegu, ambaye ukitoa laki atakurudishia milioni. Inaonekana ya furaha kuliko ile ya kwanza, lakini mwisho wake ni uleule. Muujiza usipotokea, mtu anaambiwa imani yake ni ndogo, anaongeza sadaka na ada ya shule haijalipwa. Nasema kwa uchungu, kwa sababu nimekaa na mama waliovunja hadi akiba ya VIKOBA kwa ajili ya ahadi ambayo Mungu hakuitoa.

Ushauri wangu ni huu. Filipo alimwomba Yesu awaonyeshe Baba, akajibiwa, "Aliyeniona mimi amemwona Baba." Basi chukua Injili ya Marko, sura zake ni 16 tu, usome kipande kidogo kila siku. Mtu yeyote akimjia Yesu, simama hapo, uangalie anavyompokea. Mwenye ukoma katika sura ya kwanza anaguswa kabla hajatakaswa. Usiruke mahali anapokemea wala anapopindua meza hekaluni. Ona anamkemea nani, na kwa ajili ya nani. Halafu uombe kwa huyo uliyemsoma, hata kama kwa muda mrefu moyo utaendelea kusikia sauti ya zamani. Yangu haikunyamaza upesi. Na ukiwa na mchungaji au mwenzako unayemwamini, mwambie kwa mdomo wako unavyomwona Mungu. Wengi wetu hatujawahi kulisema jambo hili mbele ya mtu.

Tena wazazi wenzangu, na walimu wa Sunday School, tuache kumtumia Mungu kama fimbo ya pili. Mtoto akivunja sahani, mwonye wewe, kwa jina lako. Usimwambie Mungu atamchoma. Na wewe ukimkosea mtoto, ukapandisha sauti bure, nenda ukamwombe msamaha jioni hiyohiyo kabla ya sala ya kulala, kisha mwache yeye aanze kuomba.