Malaria kupanda kichwani: je, ni ukubwa wa ubongo?

Kaka, umeuliza kama ubongo wetu mkubwa ndio sababu malaria ikipanda kichwani huua watoto upesi. Ukubwa peke yake si tatizo. Ubongo wa Australopithecus, jamaa wa kale wa binadamu, ulikuwa kama sentimita za ujazo 450, wetu 1350 hivi; lakini fuvu limejaa, halina nafasi ya ziada. Chembe nyekundu za damu zenye vimelea vya malaria hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo, ubongo huvimba na kusukumwa chini, hubana shina lake linaloendesha pumzi. Utosi ukishafunga, kwenye miezi 18 hivi, hakuna tena pa kupanukia. Kule Blantyre, Malawi, watoto wenye malaria hiyo walipigwa picha za MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya kichwa (matokeo ya 2015): kati ya 25 waliokufa, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba sana.

Halafu kuna njaa ya ubongo, maana malaria kali huweza kushusha sukari ya damu. Ubongo hula asilimia 20 hivi ya nishati ya mwili, wa mtoto zaidi, na akiba yake ya sukari ni ndogo mno.

Kwa hiyo mtoto akishikwa na degedege, iwe Likoni au Kisauni hapa Mombasa, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala dawa mdomoni, mkimbize hospitali. Apimwe malaria na sukari papo hapo. Sukari ikiwa chini ya 3 mmol/L kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, au chini ya 2.2 kwa mkubwa zaidi, atiwe glukosi ya mshipa. Mambo ya kufukiza dege, ile tiba ya jadi ya moshi, yatangoja.