"Punguza lenzi": punguza nini?

SWALI: Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nina vijana wawili ninaowafunza kuipanga kamera kwa mkono, bila kuiachia ijipange yenyewe. Jumamosi adhuhuri tulikuwa nje ya Ngome ya Yesu. Kanzu ya bwana harusi ikatoka nyeupe pe, tarizi ya shingoni haionekani. Kamera zote mbili zilikuwa kwenye f/8. Nikawaambia, "Punguza lenzi!" Mmoja akaenda f/4, mwenziwe akaenda f/16, na kila mmoja anaapa kuwa kapunguza. Nani aliyesikia Kiswahili sawasawa?

JIBU: Wote wawili, ndugu yangu. Neno lako ndilo lililokuwa na milango miwili.

Kitenzi "punguza" hudai shamirisho: kinachopunguzwa ni kipi? Lenzi haipungui. Wa f/4 alipunguza namba, nane ikawa nne. Wa f/16 alipunguza tundu, lile la ndani ya lenzi linalopitisha mwangaza, na ndiye uliyemtaka. Wa kwanza aliingiza mwangaza mara nne ya ule wa awali, wa pili akabakisha robo yake. Kati ya picha zao mna tofauti ya mara 16. Tarizi haiwezi kupona hapo.

Sasa itazame f/8 ilivyoandikwa. Ule mkwaju (/) ni wa kugawanya. Herufi f ni urefu wa fokasi, zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, kwa hivyo lenzi ya milimita 50 ikiwa f/8 ina tundu la milimita 6.25, ikiwa f/4, milimita 12.5, ikiwa f/16, milimita 3 na ushei. Na sisi tuna majina ya mafungu haya tangu zamani. f/2 ni nusu. f/4 ni robo. f/8 ni thumuni, neno lililotoka Kiarabu kwa maana ya sehemu moja ya nane, lile lile ambalo wazee wetu waliliita sumuni walipohesabu senti hamsini. f/16 basi ni nusu ya thumuni. Mtoto akitumwa dukani robo ya sukari, hadhani ni nyingi kuliko nusu kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Wasomee vijana wako namba hizo kwa majina haya, na hakuna atakayeuliza tena kwa nini namba kubwa ni tundu dogo.

Kwa tundu lenyewe napendelea "panua" na "bana". "Fungua" na "funga" hutumika, lakini kufunga ni kufunga kabisa, kama mlango. Tundu la lenzi ni kama mboni ya jicho juani: hubanwa, halifungwi.

Spidi ya shata, yaani ya lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga, ina mtego wa namna hiyo hiyo. Kamera nyingi huonyesha 250 tu, huku maana yake ni sehemu moja ya 250 ya sekunde. Ukisema "ongeza spidi", mwangaza unapungua. Mimi ningesema "muda": ongeza muda, punguza muda. Kutoka 1/250 hadi 1/125 muda umekuwa maradufu, na mwangaza nao maradufu. Kitenzi na picha vinakwenda njia moja.

Lugha ya ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kwa mwangaza, iache ilivyo, watu wanasema "pandisha" na "shusha" na wanaelewana. Ila usiwaambie vijana kwamba inaongeza mwangaza. Inakuza ule ulionaswa tayari, na ikipandishwa sana picha huingia chenga.

(Nimeshikilia "mwangaza" kwa makusudi. "Mwanga" si kosa hata kidogo, lakini huku Mwambao mwanga ni pia mtu awangaye usiku, na kwenye harusi ya watu sipendi kulipigia kelele neno hilo.)

Jumamosi ijayo, jua likiwa la utosi na hakuna wingu, waambie hivi: "ISO 100. Muda, sehemu moja ya 125. Bana tundu hadi f/16." Wakiingia kivulini mwa vichochoro vya Mji wa Kale, sema "panua tundu", kisha utaje mpaka wapi: thumuni, au robo.